Visanduku Vinne vya Mwisho

Kila asubuhi ya likizo, kabla chai haijapoa, Profesa alikuwa ameshakalia kiti cha kuzunguka katika chumba cha mbele cha shangazi yake. Hakuwa profesa wa kweli. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwembamba kama kalamu, na jina hilo alipewa na wenzake darasani kwa sababu mwalimu wa hisabati alikuwa hajamaliza kuandika swali ubaoni, yeye ameshanyoosha mkono. Jina likamganda. Siku hizi hata mama yake alimwita hivyo, hasa vyombo vikiwa vichafu: "Profesa, hebu njoo ufanye utafiti jikoni."

Chumba cha Shangazi kilikuwa kidogo, lakini kila kitu kilijua mahali pake. Bisibisi zilisimama kwenye kopo la maziwa. Taa yenye shingo ndefu iliinama juu ya meza. Kulikuwa na brashi ya rangi ambayo haikuwahi kuona rangi. Kazi yake ilikuwa kutoa vumbi katikati ya herufi za kibodi. Shangazi hakuuza kompyuta. Yeye alizipima tu. Mtu akitaka kompyuta ya mtumba kwa matumizi ya nyumbani, aliichukua dukani kwa majaribio na kumletea Shangazi. Ikitoka mezani pake, ilitoka na kadi ya njano iliyoeleza uzima na ubovu wake wote. Mtaani watu walikuwa na msemo wao: "Usinunue kabla Shangazi hajaiona."

Profesa alipenda kazi hiyo. Alijua kufungua ukurasa mweupe usio na kitu na kukodolea kioo macho, akitafuta nukta iliyokufa, ile isiyowaka. Alijua kubonyeza herufi moja moja kutoka kona hadi kona. Alijua kutega sikio aisikie feni, kama inapumua vizuri au inakoroma. Alifunga na kufungua kompyuta mara ishirini ili kuona kama bawaba zimelegea.

Kitu kimoja tu hakukipenda. Betri.

Kupima betri kulikuwa hivi: kompyuta ilichajiwa hadi mia kwa mia, kisha chaja ikachomolewa, halafu ikawekwa video ya mto unaotiririka. Saa tatu nzima, maji tu. Shangazi aliichagua makusudi. "Ningeweka filamu," alisema, "ungeangalia filamu badala ya betri." Kila baada ya nusu saa, mpimaji alisoma asilimia iliyobaki na kuiandika kwenye kadi. Visanduku sita kwa saa tatu.

"Shangazi, huu mto hauishi?" Profesa aliuliza siku moja.

"Mto hauna shida. Mwenye shida ni wewe na hicho kiti chako cha kuzunguka."

Jumatatu mchana Shangazi aliitwa kwenda kukagua kompyuta za zahanati. Juu ya meza aliacha kompyuta moja ya kijivu. Vipimo vyote vilikuwa vimekamilika, isipokuwa betri.

"Hii ni ya Mama Sare," alisema akivaa viatu. "Anamnunulia binti yake. Alhamisi saa nne asubuhi binti anafanya mtihani wa kuingia chuoni, anaufanyia nyumbani kwa kompyuta. Muda wake ni wa saa mbili kamili, mlango umefungwa, kamera imewashwa. Mashine ikizimika katikati, mtihani unajifunga. Haufunguki tena hadi mwaka ujao."

"Na Alhamisi si ndiyo siku wanabadilisha nguzo za umeme?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Mtaa mzima hautakuwa na umeme kuanzia asubuhi hadi jioni. Intaneti atatumia ya simu. Lakini kompyuta itasimama kwa betri yake peke yake. Umenielewa, Profesa?"

"Nimekuelewa, Shangazi."

Saa nane kamili alichomoa chaja. Saa nane na nusu akaandika: 88. Saa tisa akaandika: 76. Wakati huo huo kichwa juu ya shingo ndefu kikajitokeza dirishani. Alikuwa rafiki yake, ambaye wote walimwita Twiga.

"Profesa! Kamba mpya! Tumekosa mtu mmoja wa kuzungusha."

"Niko kazini."

"Kazi gani? Umekaa unaangalia maji kama chura!"

Huko nje wasichana wakaangua kicheko. Profesa aliitazama kadi. Themanini na nane, sabini na sita. Nusu saa imekula kumi na mbili, na nusu saa nyingine imekula kumi na mbili. Hili si swali hata la darasa la tatu, aliwaza. Akachukua kalamu na kuandika kwa mwandiko mzuri: 64, 52, 40, 28. Hapo kwenye jibu la mwisho akaandika: "Inakaa zaidi ya saa tatu." Kisha akaichomeka kompyuta kwenye chaja ili Shangazi aikute imejaa, akatoka mbio.

Shangazi aliporudi jioni aliisoma kadi yote chini ya taa.

"Umekaa nayo mwenyewe hadi mwisho?"

"Ndiyo, Shangazi."

Neno lile lilitoka jepesi kuliko alivyotarajia. Shangazi akatia sahihi.

Jumanne Mama Sare alikuja kuichukua. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na pini hazikumtoka kifuani hata siku za mapumziko. Aliipokea kadi kwa mikono miwili.

Mambo yangeishia hapo kama duka ilikotoka kompyuta hiyo lisingekuwa na kompyuta mbili za kijivu zilizofanana kama mapacha. Ya pili ililetwa na mnunuzi mwingine Jumatano asubuhi na mapema, ikiwa imeshajaa chaji. Safari hii Shangazi alikuwapo, akisafisha kibodi upande wa pili wa meza, huku Profesa akiuangalia mto. Nusu saa ya kwanza: 87. Ya pili: 76. Ya tatu: 65. Profesa aliona namba zinakwenda vile vile, moyo ukatulia. Kisha mto ukakatika. Kioo kikawa cheusi tii.

"Shangazi! Imezimika! Ilikuwa na sitini na mbili, nimeiona kwa macho yangu!"

Shangazi hakushtuka. "Betri imezeeka hiyo. Ndiyo tabia yao. Inashuka taratibu, mwendo wa heshima kabisa, wewe unadhani mambo mazuri. Kumbe haina kitu. Ni kama mgeni mwenye haya: ukimuuliza, anasema ameshiba. Akifika njiani anaanguka kwa njaa." Akatikisa kichwa. "Ndiyo maana tunasubiri hadi mwisho. Bahati nzuri ile ya Mama Sare ilifika saa tatu."

Profesa alihisi kama amemeza jiwe. Alisubiri Shangazi aende uani kumwaga vumbi, akatoka kwa mlango wa mbele.

Alikuwa na mpango. Angekwenda kwa Mama Sare, angeomba kuiangalia kompyuta kidogo, na labda ile ilikuwa nzima. Mapacha si lazima waugue ugonjwa mmoja. Kama ni nzima, basi hakuna aliyehitaji kujua.

Mama Sare alikuwa kwenye cherehani. Binti yake, ambaye Profesa alimwita Dada, alikuwa akijisomea mbele ya kompyuta, chaja imechomekwa ukutani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu! Karibu, karibu. Tazama nilichokishonea hicho kimashine chenu." Akamwonyesha mfuko wa kitambaa cha bluu, mabaki ya sare, wenye vifungo viwili. Ndani yake aliitia kadi ya njano, akiwa ameifunika kwa nailoni ili isilowe. "Wiki mbili nilikuwa silali. Nawaza umeme, nawaza mtihani. Nilipoiona hii kadi, jana nimelala hadi nikachelewa kuamka. Mwambie Shangazi yako Mungu ambariki."

Dada akageuka na kutabasamu. "Nikifaulu, Profesa, wewe ndiye wa kwanza kula keki."

Profesa aliinamisha macho kwenye kadi. Akasema ameagizwa dukani, akaaga, akatoka. Alifika hadi kona ya barabara na hapo akasimama. Siku moja tu ilibaki. Akaanza kukimbia, ila si kwenda dukani.

Shangazi alimkuta amesimama mlangoni, anahema, machozi yamefika kidevuni.

"Sikukaa nayo," Profesa alisema. "Ile ya Mama Sare. Niliandika visanduku viwili tu. Vinne vya mwisho nilivipigia hesabu, nikaenda kuruka kamba. Uliponiuliza, nilikudanganya."

Shangazi aliiweka brashi mezani polepole. Uso wake haukuwa wa hasira, na hilo lilimuumiza Profesa zaidi.

"Ile sahihi ni yangu," Shangazi alisema mwishowe. "Nilitia sahihi kitu ambacho sikukiona. Namba zile zilikuwa zimenyooka kama mstari wa rula, nami sikuuliza." Akachukua mkoba wake. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe umesema kabla ya kifo. Nenda kanawe uso. Tunaondoka."

"Utamwambia wewe, Shangazi?"

"Mimi nitasema langu. Wewe utasema lako."

Kumwambia Mama Sare lilikuwa jambo gumu kuliko mtihani wowote. Profesa aliangalia pini zilizong'aa kifuani pa mama huyo na kueleza yote, tangu kamba hadi kalamu. Shangazi naye akasema, "Na mimi ninaomba radhi. Kadi ile imebeba jina langu." Mama Sare aliitoa kadi mfukoni na kuisoma upya. Dada ndiye aliyenyoosha mkono na kuichomoa chaja ukutani.

"Tujue moja," alisema kwa sauti ndogo.

Saa ilikuwa nne na nusu. Wakauwasha mto. Nusu saa: 88. Saa nzima: 76. Mama Sare akaanza kupumua. Dakika ishirini baadaye, ikiwa na sitini na nane kwa mia, kompyuta ikazimika kimya kimya, kama mtu aliyesinzia katikati ya mazungumzo.

Dakika ishirini tu, Profesa aliwaza. Ningekaa dakika ishirini zaidi, ningeiona.

"Ingezimika kesho saa tano na dakika ishirini," Dada alisema.

"Hatujashindwa," Shangazi alisema akisimama. "Kompyuta yangu ni ya mezani, bila umeme ni sanduku tu, kwa hiyo siwezi kukuazima. Lakini hii ina dhamana ya siku saba. Twendeni dukani."

Mwenye duka aliitwa Bwana Mpya-Kabisa, kwa sababu hilo ndilo neno alilolisema juu ya kila kitu, hata kompyuta ambayo herufi zake zilishafutika. Aliwapokea kwa mikono iliyonyooshwa.

"Shangazi! Ina tatizo gani? Hii ni mpya kabisa!"

"Naona," Shangazi alisema. "Mpya kabisa, hata kusimama bado haijajua. Inakwenda saa moja na dakika ishirini, inaanguka. Na pacha wake hivyo hivyo."

Bwana Mpya-Kabisa alicheka, kisha akaona kuwa anacheka peke yake. Akamtazama Mama Sare, akamtazama Dada aliyekumbatia ule mfuko wa bluu. Alipoambiwa habari ya mtihani wa kesho, akaacha maneno na kuingia ndani. Alirudi na betri iliyokuwa bado kwenye boksi lake, na karatasi ya kiwandani imeizunguka.

"Hii," alisema kwa unyenyekevu, "ni mpya kweli."

"Tutaona," Shangazi alijibu.

Kwenye meza ya Shangazi waliifunga betri ile kwa skrubu nane. Kuichaji kulichukua hadi saa tisa alasiri. Shangazi akatoa kadi mpya ya njano na kuiweka mbele ya Profesa.

"Kaa."

"Mimi, Shangazi? Bado unaniamini?"

"Nakuamini kiasi cha kisanduku kimoja. Ukikijaza, nitakuamini cha pili."

Profesa akachomoa chaja. Mto ukaanza. Safari hii hakukizungusha kiti hata mara moja. Saa tisa na nusu: 90. Saa kumi: 82. Twiga alipita dirishani na kamba shingoni, akaita mara mbili, akachungulia, akaona uso wa rafiki yake na kuondoka bila utani. Saa kumi na nusu: 71. Profesa akasogea karibu na kioo, kwa sababu ilikuwa imeshuka kumi na moja badala ya nane. Je, inaanza kuanguka? Saa kumi na moja: 63. Chai yake ilipoa ikaota ngozi juu. Saa kumi na moja na nusu: 51. Alikuwa ameshaukariri mto ule, hata jiwe moja lenye umbo la kiatu. Saa kumi na mbili kamili, mwanga wa nje ukiwa umeanza kuwa wa dhahabu, akaandika kisanduku cha mwisho: 42. Maji bado yalitiririka.

"Imefika!" alipiga kelele. "Shangazi, imefika!"

Shangazi alikuja kuikagua kadi. Akaweka kidole kwenye namba. "Unaona? Namba za kweli hazitembei kwa gwaride. Moja inarefusha hatua, nyingine inafupisha." Akatia sahihi yake. Kisha akachora mstari mwingine chini na kumpa Profesa kalamu. "Na aliyeona aandike jina lake."

Alhamisi saa tatu na nusu umeme ulikatika, kama ilivyotangazwa. Cherehani ya Mama Sare ilinyamaza katikati ya mkono wa shati. Saa nne Dada akafunga mlango wa chumba chake.

Profesa, Shangazi na Mama Sare walikaa kwenye ngazi za nje. Mama Sare alishona vifungo kwa mkono, na alishona kifungo kimoja mara tatu. Saa tano ikapita. Saa tano na dakika ishirini, Profesa alifumba macho. Hakuna sauti yoyote iliyotoka chumbani. Saa tano na dakika thelathini. Mbwa alipita, akawatazama, akaenda zake.

Saa sita na dakika tatu mlango ulifunguka. Dada alisimama pale, nywele zimevurugika, kalamu bado iko sikioni.

"Nimemaliza," alisema. "Nimemaliza maswali yote. Na imebaki sitini na mbili!"

Mama Sare alitupa shati hewani, vifungo na vyote. Alimkumbatia binti yake, kisha akamvuta Profesa pia, na pini moja ikamchoma Profesa begani, naye hakujali hata kidogo. Lile jiwe alilolimeza tangu jana likayeyuka. Alijikuta anacheka na kulia kwa pamoja, huku Shangazi akiokota vifungo vilivyomwagika na kusema, "Haya, haya, mtaniumiza mgongo kwa furaha yenu."

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na kompyuta nyingine mezani. Shangazi alipoichukua kadi yake jioni, aliona visanduku vitano vyenye namba. Cha nne hakikuwa na namba. Ndani yake Profesa aliandika kwa herufi ndogo: *Sikuwepo.*

"Hii nini?"

"Nilitoka kuruka kamba, Shangazi. Nilidhani nitawahi, nikasahau. Niliporudi ilikuwa imefika kisanduku cha tano. Hesabu naijua, inatakiwa iwe hamsini na nane hivi. Lakini sikuiona."

Shangazi akaketi. Alicheka polepole, kicheko cha mtu aliyetua mzigo.

"Sikiliza, mwanangu. Hesabu ni nzuri, usiiache. Inakwambia mambo yatakavyokuwa iwapo kila kitu kitakwenda sawa. Lakini yule anayenunua kitu kwa jasho lake hanunui 'iwapo'. Ananunua kile ulichokiona kwa macho yako. Kisanduku kitupu hakimdhuru mtu, kinamwambia asubiri tu. Cha uongo kinamwambia alale, halafu kinamwamsha vibaya. Kompyuta mbovu nina bisibisi za kuitengeneza. Neno la mtu likishaharibika, sijapata kuona bisibisi yake." Akamsogezea chaja. "Wewe la kwako umelikarabati mapema. Haya, ichaji ijae. Kesho tunaanza upya, kisanduku cha kwanza."

"Vyote sita?"

"Vyote sita, Profesa."

Profesa alivuta pumzi na kuichomeka chaja ukutani. Kitaa kidogo cha rangi ya chungwa kikawaka. Nje Twiga alikuwa anaita, na safari hii Shangazi mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango.

"Nenda karuke," alisema. "Sasa hivi haipimwi. Inakula."